Chenga

Elfu sita na mia tano.
Huo ndio mto unaotenganisha televisheni mbili
zilizopangwa ubavu kwa ubavu dukani kwa Simwa,
Bungoma, mkabala na soko la mitumba.
Upana mmoja, weusi mmoja.
"Ila hii, mwalimu, ni angavu. Mtazame kasuku.
Hesabu manyoya."
Yeye anahesabu manyoya, mimi nahesabu noti
za zamu yangu ya chama, zinazonuka omena
kwa kuwa mweka hazina wetu huuza omena.

Elfu sita na mia tano ni mifuko miwili ya mbolea
na palizi ya kwanza, ukipatana vizuri.
Ni mabati ya jiko, pale panapovuja.
Na kwa nini? Nilione jasho la mheshimiwa
juu ya mdomo, akituahidi daraja lile lile?
Nione poda ilipokomea shingoni mwa msoma taarifa?
Mambo mengine Mungu aliyaweka mbali kwa hisani.

Ile ya baba, Webuye, ilikuwa na tumbo nyuma
kama mja mzito wa miezi minane.
Ilikuja na bonasi ya kiwanda cha karatasi,
ikavishwa kitambaa cha kufuma,
ikatiwa kabatini, kabati likatiwa kufuli.
Picha yake ilikuwa chenga tupu,
mchele uliovunjika ukimwagika bila kukoma,
na ndani ya chenga hizo winga akipiga chenga,
beki akianguka, uwanja ukilipuka,
na mpira wenyewe ukiwa tetesi tu.

Wabwile ndiye aliyekuwa nje.
Mlingoti wa antena ulimpenda yeye:
akiushika, watu walikuwa watu;
akiuachia, timu nzima iligeuka ukungu.
"Imeshika?"
"Bado! Zungusha! Rudisha, rudisha... hapo!
Hapo hapo! Usipumue!"
Dakika tisini, mkono juu, umande ukimshukia,
uvundo wa kiwanda ukipita juu ya kichwa chake.
"Nani kafunga?"
"Tulia wewe, tutakuambia."

Na tulimwambia. Akiingia, viganja baridi
vikinuka kutu, tulimpa uji, tukampa bao,
na hapakuwa na aliyelipitisha bao hilo bila kuliongezea:
mimi nililitia kisigino,
Namalwa akaligongesha mtambaapanya,
baba, asiyezungumza na watoto,
akainuka akaonyesha kwa mguu wake mwenyewe.
Wabwile akifumba macho, akitikisa kichwa,
akiliona.

"Mwalimu?" anasema Simwa.
"Hii angavu," namuuliza, "antena yake hushikwa na nani?"
Anacheka hadi anakohoa.
"Mama, siku hizi haishikwi na mtu."
"Basi nifungie hiyo."
Mbolea? Mahindi yatanijibu mwezi wa nane.

Jumamosi. Wabwile ametoka Kitale,
ana miaka hamsini na miwili na goti moja bovu.
Nimemkalisha katikati, mbele,
mahali pa baba.
Haziamini nyasi. Anasema ataka kuzilisha ng'ombe.
Kipindi cha pili mvua inaliangukia dishi,
picha inaganda, inakatika vipande vya mraba,
mshambuliaji ananing'inia hewani na nusu ya mguu.
Nageuka nimwombe radhi:
kiti kitupu, mlango wazi.

"Imeshika?" anaita kutoka mvuani.

Imeshika, tena yenyewe. Wachezaji wanakumbatiana,
kila tone la jasho liko mahali pake.
"Imeshika! Ingia ndani, utaugua!"

Kimya. Maji yanatiririka mabatini.
"Kwanza niambie," anasema, "nani kafunga?"